Breki Nilizozimwagia Maji

Mjomba wangu wa Funyula alikuwa na maksai mmoja mwekundu, pembe moja imeangalia juu, nyingine imeangalia chini. Alivuta jembe vizuri sana. Shida yake ilikuwa kusimama. Akishaanza, ameanza. Tukifika mwisho wa shamba yeye anapita na jembe, anapita na sisi, anaingia kwa mihogo ya jirani. Kazi yangu ilikuwa kutembea mbele yake na kamba, na shule niliachia darasa la tatu kwa sababu hiyo hiyo: hakuna mtu mwingine aliyemuweza. Mimi nilimuweza kwa ujanja mdogo. Nilianza kumsimamisha tukiwa bado katikati ya shamba. Nilipunguza hatua zangu, naye akapunguza zake bila kujua kwamba anasimamishwa.

Siku niliyougua macho, shemeji yangu akashika kamba. Wakaenda mpaka jikoni kwa yule jirani. Chungu cha mboga kikavunjika, mama wa watu akapanda juu ya meza. Basi ikaamuliwa maksai auzwe, na auzwe mbali, Malaba, mahali ambapo hakuna anayemjua.

Tulitembea siku mbili, mjomba nyuma na fimbo, mimi mbele na kamba, tukalala njiani karibu na Mundika. Malaba sikuwa nimewahi kufika. Nikakuta malori yamepangana barabarani kungoja kuvuka kwenda Uganda, mengi kuliko macho yangu, na madereva wamelala chini yake kama watu walio kwao. Lori moja la simiti likaja likitoa moshi kwa tairi ya nyuma. Breki imekamata, haitaki kuachia. Dereva akapiga kelele, "Maji! We, maji!" Taniboi wake, yule msaidizi anayesafiri naye, akaruka na debe akamwaga. Chwaaa! Mvuke ukapanda, watu wakacheka, dereva akawasha sigara. Mimi nikasimama pale nimeshika kamba ya maksai na mdomo wazi. Kumbe kuna watu kazi yao ni kusimamisha vitu.

Nikamwambia mjomba, "Shika kamba kidogo, naenda kununua muwa." Sikurudi. Mpaka alipokufa hakuwahi kuniuliza habari ya muwa ule, na mimi sikuwahi kumwambia. Nataja jambo hili mapema kwa sababu nyinyi vijana wa gereji mnaokuja kuniuliza habari za breki mnadhani mimi ni mtu wa kukaa mahali. Hapana. Nilijifunza kukaa baadaye.

Sasa breki.

Miaka ya kwanza nilikuwa fundi wa foleni. Maana yake, huna gereji, una sanduku la spana na gunia la kulalia, unatembea kando ya malori ukiuliza, "Boss, breki iko aje?" Ninaandika hapa makosa yangu bila aibu kwa sababu walioyaona wengi wamekufa. Kosa la kwanza: dereva mmoja wa Nakuru, mtu mnene mwenye kofia ya sufu hata saa sita mchana, oili yake ya breki ilikuwa imepungua. Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa na oili ya injini. Nikajiambia, oili ni oili. Nikajaza. Alivuka Uganda akaenda, akarudi wiki ya pili akinitafuta kwa jina la mama yangu. Nilipofungua silinda za magurudumu, raba zote zilikuwa zimevimba.

"Angalia!" akaniambia. "Angalia vizuri! Umenitia mandazi kwa breki!"

"Boss, nisamehe."

"Nisamehe ni chai? Nimeteremka mlima na gia ya kwanza, naimba nyimbo za kanisa, na mimi si mtu wa kanisa!"

Basi ujue: oili ya injini huvimbisha raba za breki. Ukikosea ukaitia, usijidanganye kwamba utaimwaga tu. Badilisha kila raba, osha kila paipu. Na tangu siku hiyo mpaka nastaafu, lile jina lilinifuata foleni nzima. "Mandazi yuko wapi? Breki zangu zinalia." Hata mke wangu alipokuja kuniangalia mara ya kwanza kabla hatujaoana aliuliza kwa Mandazi ni wapi, akidhani ni hoteli.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuwa Salongo. Hilo si jina lake la kuzaliwa. Kwao Uganda baba wa mapacha huitwa hivyo, na yeye alikuwa na mapacha, msichana na mvulana, aliowaacha upande wa pili na mama yao. Alikuwa amefanya kazi Kampala kwa watu wanaoshindanisha magari. Alikuja Malaba kwa miguu, na koti la kijivu na sanduku la spana lililopakwa rangi ya samawati. Mambo ya kule miaka ile ya sabini mnayasikia mkisimuliwa. Mimi niliyajua kwa namna Salongo alivyogeuza kichwa kila mlango wa gari ulipofungwa kwa nguvu. Aligeuza tu, halafu akaendelea na nati yake.

Aliniita Musamia, kwa sababu kwetu Funyula ni kwa Wasamia. "We Musamia, kwa nini unapigana na nati? Imekukosea nini? Mpola, mpola." Polepole, maana yake. Nati za tairi alizifunga kwa msalaba, ya juu, ya chini, ya kulia, ya kushoto, na hakuruhusu mtu azungumze naye wakati huo. Handibreki hakuipenda kabisa. Gari likisimama, aliweka jiwe nyuma ya tairi. Alikuwa na jiwe lake mwenyewe, la umbo la mkate, alitembea nalo ndani ya sanduku. Tulimcheka sana kwa jiwe hilo.

Sasa palikuwa na boss mmoja, Wandera, ajenti wa kupitisha mizigo pale mpakani. Kijana, shati jeupe, kelele nyingi, moyo mzuri. Alikuwa na gari dogo la saluni, la milango miwili, alilolipenda kuliko watu. Wakati huo barabara mpya ilikuwa inawekwa lami nje ya Mundika, kipande kimeisha lakini hakijafunguliwa, na wajenzi walimruhusu yeye na wenzake wa Bungoma na Kisumu kuendesha pale Jumapili. Hayakuwa mashindano ya kikombe. Kila mtu alikuja na gari lake kuona litafanya nini likiachiwa. Pipa huku, pipa kule, kilomita mbili katikati. Unakimbia mpaka pipa, unalizunguka, unarudi. Ukisikia hivyo utadhani kazi ni ya injini, na Wandera alidhani hivyo pia. Alitengeneza injini kwanza. Jumapili ya kwanza, raundi ya tatu, alikanyaga breki akakuta pedali inakwenda mpaka sakafuni. Alipita pipa, akapita wajenzi wanaokula ugali, akasimamishwa na lundo la kokoto.

Akaja kwetu Jumatatu amekunja mikono. "Salongo, nataka breki."

"Breki unazo, ssebo. Za kwenda kanisani."

"Nataka za kukimbilia."

Salongo akacheka, akaniangalia, akasema, "Breki za kukimbilia ni za kusimamia. Kale, lete gari." Kwao kale ni sawa, na ssebo ni bwana.

Hapo Wandera akatoa neno lililobadilisha mambo. Alikuwa na rafiki Nairobi, mzee mmoja mwenye gereji ya magari ya mbio, aliyekuwa anatafuta mtu wa breki. Angekuja mwezi unaofuata kuangalia na kukaa ndani ya gari mwenyewe. Akiridhika, angemchukua Salongo Nairobi, kazi na nyumba ya vyumba viwili. Salongo aliuliza swali moja tu: "Vyumba viwili?" Akauliza tena kesho yake. Vyumba viwili ilikuwa maana yake mke na mapacha wangevuka. Tangu hapo hakuwa anatengeneza gari la Wandera. Alikuwa anajenga nyumba hiyo kwa mkono, na mimi nilimshikia taa.

Nawaambia tulivyofanya, mchukue mnachotaka. Gari lile lilikuwa na drum pande zote nne, yaani lile bakuli la chuma ambalo breki hukaa ndani. Joto likiingia ndani ya bakuli halina pa kutokea. Salongo alipata diski za mbele kwenye gari kubwa zaidi lililopinduka, zile sahani za chuma zinazozunguka wazi na tairi, zinapigwa na upepo. Hazikuingia, bila shaka. Kushikilia kalipa zake, ile mikono inayobana sahani, tulikata vibao kutoka bamba la chasisi ya lori lililokufa. Siku tatu nilipiga tupa mpaka kucha zikaisha. Kila nikimpelekea kibao, anakipima na vernia yake iliyofutika namba, ananirudishia. "Bado." Nikaenda. "Bado." Mara ya sita nikamwambia, "Salongo, hiyo ni unywele mmoja!"

"Unywele wa nani? Wako au wa ng'ombe?"

Pedi, zile zinazosugua sahani, tulitafuta ngumu, za gari zito. Pedi ngumu asubuhi haishiki vizuri, inataka joto kwanza. Ile laini inashika vizuri mpaka ipate joto, halafu inakuacha peke yako. Lazima uchague shida yako. Tulitoa vile vibati vya kuzuia vumbi, tukachonga mdomo wa bati kutoka debe la mafuta ya kupikia, tukaufunga chini ya bampa upeleke upepo kwenye diski. Watu wa Malaba walilala chini kuangalia. Mmoja akauliza kama gari sasa litakaanga samaki.

Na oili. Hapa ndipo nilipoona nimekuwa mjinga miaka mingi. Mimi oili ya breki niliiweka kwenye jagi wazi, naongeza, naweka tena. Salongo akachukua kijiko cha oili yangu akaweka kwenye kifuniko cha mkebe juu ya jiko la makaa. Haikukaa, ikaanza kutoa mapovu. Akachukua mkebe mpya akaufungua hapo hapo, akaweka kijiko kingine. Ikatulia, ikatulia, mimi nikaanza kupiga miayo.

"Hiyo yako inakunywa maji ya hewani," akasema. "Kila siku unaacha jagi wazi, inakunywa. Breki ikipata moto, hayo maji yanakuwa mvuke ndani ya paipu. Pedali inakanyaga mvuke. Unafika kwa kokoto."

Nilimwaga jagi langu nyuma ya choo siku hiyo hiyo.

Tulitoa upepo kwenye paipu mara mbili, tukianzia gurudumu la mbali kabisa na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, tukaja mpaka la karibu. Halafu tukazoeza pedi. Barabara ya kwenda Bungoma, asubuhi, unakwenda kasi, unakanyaga mpaka unakaribia kusimama lakini husimami, unaachia, unakwenda tena. Mara kumi na tano. Harufu ikawa mbaya kama kwato inayoungua. Halafu unaendesha taratibu bila kugusa breki mpaka zipoe, unasimama mahali pa tambarare, unaweka jiwe. Hapo ndipo nilipoelewa jiwe. Diski yenye moto ukiibana pale pale na pedi, joto lote linabaki sehemu moja, na oili nyuma yake inachemka. Iache wazi, iache izungukwe na upepo.

"Musamia, rudia," akaniambia.

"Husimami na mguu kwa breki. Huweki handibreki. Unaweka jiwe. Hugusi kitu."

"Na kama inatoa moshi?"

"Hugusi kitu."

"Kale."

Niliyasema hayo kwa mdomo wangu. Nataka mjue hivyo.

Jumapili ile walikuja watu wengi. Mzee wa Nairobi alikuja na kofia ya majani na kiti chake cha kukunja, hakuwa mtu wa maneno. Wandera akakimbia raundi nane peke yake kwanza. Vijana, sijaona gari linasimama vile. Lilikuja kwa pipa kwa kasi ya kumfanya mtu afumbe macho, halafu likainama pua, likatii. Raundi ya kwanza, ya tano, ya nane, pale pale, kama mtu aliyechora mstari. Mzee wa Nairobi akainuka kwenye kiti. Akamwita Salongo kwa kidole, wakaenda pembeni chini ya turubai la wajenzi kuzungumza. Salongo akaniachia jiwe mkononi.

Raundi ya kupoza Wandera hakuifanya. Aliona watu wanapiga makofi, akaja moja kwa moja mpaka mbele yao, akasimama kwa breki, mguu juu ya pedali. Diski zote mbili zilikuwa nyekundu. Nasema nyekundu mchana. Moshi ukaanza kutoka kwa pedi, grisi ya habu, kile kitovu cha gurudumu, ikashika moto kidogo, ulimi mdogo wa moto kwa tairi ya kushoto.

"Fundi! Gari langu! Linaungua!"

Nyuma yangu palikuwa na mataniboi wa foleni waliokuja kuangalia, na wote kwa sauti moja: "Maji! Mandazi, maji! Unangoja nini?"

Ningeweza kuutupia mchanga ule ulimi wa moto. Mchanga ulikuwa tele, miguuni pangu. Lakini mkono wangu ulikuwa wa foleni ya Malaba miaka mingi kabla haujawa wa Salongo. Nikaangusha jiwe, nikachukua debe la maji ya mtaroni, nikamwaga. Chwaaa. Moto ukafa, watu wakashangilia, mmoja akanipiga mgongoni. Na ndani ya ule mvuke nikasikia kitu kidogo. Tik.

Drum za lori ni nene. Nazo nyingine zilipasuka kwa maji yale yale, sisi tukasema chuma cha siku hizi ni kibaya. Diski ile ilikuwa nyembamba, na nyekundu.

Salongo akaja mbio. Akaangalia lami, ilikuwa na unyevu. "Maji?"

"Ya radieta," nikasema. "Ilimwagika kidogo."

Akaniangalia. Nilikuwa nimefanya naye kazi miezi minane, na hakuwa amenikamata na uongo hata mmoja. Akasema, "Kale." Hakuivua tairi kuangalia. Aliamini.

Wakapumzisha gari saa nzima. Saa nzima nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilijiambia labda ule mlio ulikuwa kokoto. Nilijiambia nikisema sasa mbele ya yule mzee, Salongo atakosa Nairobi. Hiyo ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa sababu ilinifanya nionekane kama namsaidia. Mzee wa Nairobi akaingia kiti cha kushoto, akavua kofia akaishika magotini. Wakaenda.

Raundi ya kwanza sawa. Raundi ya pili sawa. Ya tatu, wakirudi kwa pipa letu, tuliona gari likitikisika pua, halafu likavuta kushoto, likapita pipa, likaruka mtaro, likaingia kwa pamba ya watu. Tulikimbia wote. Hakuna aliyekufa. Wandera alikuwa amekaa ndani, bado ameshika usukani, mzee wa Nairobi amevunjika mkono, anaushika na mwingine. Walipomtoa alisema neno moja kwa Wandera, bila hasira: "Fundi wako ataua mtu." Wakampeleka hospitali kwa pikapu.

Salongo aliweka jeki pale kwenye pamba, akafungua nati, akavua tairi. Diski imepasuka kutoka ukingo mpaka habu, kipande kimetoka. Upande wa ndani wa rimu palikuwa na matope ya mtaroni yaliyokaushwa na moto, rangi ya chai. Radieta haina matope. Akapitisha kidole pale, akakiangalia kidole.

Wandera akaja nyuma yetu, shati limechanika. "Salongo, umenifanyia nini?"

Salongo aliinua kichwa. Aliniangalia mimi. Hakukunja uso. Alingoja tu, vile alivyokuwa akingoja nikileta kile kibao nilichopiga tupa, aone kama safari hii kimeingia. Mimi nilikuwa nimeshika spana yake namba kumi na saba. Nikaiangalia spana.

"Nakuuliza! Umenifanyia nini?"

"Mimi ndiye fundi," Salongo akasema. "Breki ni zangu."

Akarudisha tairi. Akafunga nati kwa msalaba, ya juu, ya chini, ya kulia, ya kushoto. Akashusha jeki. Akanawa mikono kwa mchanga na petroli kidogo, akajifuta kwa majani ya pamba, akavaa koti lake la kijivu. Sanduku la samawati aliliacha wazi. Akatoka kwenye pamba, akapanda lami, akaanza kutembea kuelekea mpakani. Nilidhani anakwenda haja. Nilimwona anapita pipa, anapita pale nilipoangusha jiwe, akalikwepa bila kuliangalia. Nilikaa juu ya sanduku lake na spana mkononi mpaka wajenzi wakaja kufunga barabara. Hakurudi.